Mashuka ya njano

Mwaka 2014 nilikuwa mfamasia wa mafunzo kwenye hospitali moja ya Moshi, wodi ya wanaume. Kila asubuhi nilipita kwa wagonjwa wa moyo na daftari, nikiuliza kama dawa zinawasumbua. Safu zangu nilizichora kwa rula: kikohozi kikavu kwa wanaomeza enalaprili, fizi kutoka damu kwa watu wa wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kizunguzungu, kutapika. Ukisema "hapana", napiga mstari, nahamia kitanda kingine.

Dirishani alilazwa mzee mmoja wa Kibosho, mwalimu mstaafu, moyo umechoka na miguu imejaa maji. Siku hiyo hakungoja nimuulize.

"Binti, mashuka haya mnayafulia nini? Yote ya njano."

Yalikuwa meupe. Yamechakaa, lakini meupe. Sista aliyekuwa anagawa dawa akacheka: "Babu leo kaamka na ugomvi." Na mimi nikacheka, nisiseme uongo. Safu ya rangi sikuwa nayo.

Nilishampita nilipouona mtori wake juu ya kabati, umeganda, haujaguswa. Mkewe akasema ni siku ya tatu, kila chakula kinamtia kichefuchefu.

Nikarudi kuomba faili. Digoksini, dawa ya moyo, robo miligramu kila siku, pamoja na Lasix ya kukojoza maji. Lasix huondoka na potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji, na potasiamu ikipungua digoksini huuelemea moyo zaidi; figo za kizee nazo haziitoi digoksini upesi, inalimbikizana. Kichefuchefu, kuona njano, mapigo ya polepole: dalili hizi za digoksini kuzidi nilizikariri chuoni, na mtihani nikafaulu.

Kabla ya digoksini mapigo huhesabiwa dakika nzima, na yakiwa chini ya 60 kidonge hakitolewi mpaka daktari aambiwe. Kwenye chati yake palikuwa na 72, 72, 72, siku tatu, kalamu ileile. Nikamshika kifundo cha mkono, macho kwenye saa ya ukutani. 44. Nikadhani nimeruka, nikarudia. 44. Kidonge kilikuwa tayari kiganjani mwake, kikombe cha maji mkono wa pili.

"Babu, hicho usimeze kwanza."

Daktari akaisimamisha, akaagiza kipimo cha umeme wa moyo na damu. Potasiamu ilikuwa chini, akaanza kuongezewa. Kipimo cha kiwango cha digoksini hatukuwa nacho, kwa hiyo tukangoja, na dawa hii haina haraka: hata kwenye figo nzima, nusu yake huchukua kama siku moja na nusu kutoka.

Siku ya nne alimaliza bakuli la mtori. Nilikaa pembeni yake nikijaza fomu ya kuripoti madhara ya dawa, ile ya njano ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa (ndiyo TMDA ya tangu 2019). Akanyoosha shingo.

"Na hiyo karatasi, binti, ni ya njano, au bado ni macho yangu?"

"Ni ya njano kweli, Babu."

Akaikodolea tena, kisha akamwita sista aje athibitishe.