Goti bandia na pedali iliyogoma kuzunguka

Baada ya kuwekewa goti bandia, kilichonizuia kuendesha baiskeli hakikuwa maumivu. Pedali ikifika juu, goti linagoma kukunjika na nyonga inanyanyuka kitini. Mtaalamu wa fiziotherapia alinianzishia baiskeli ya mazoezi, kiti juu, nizungushe kinyumenyume kwanza maana ndiyo rahisi. Ikasaidia, lakini aliyemaliza kazi ni fundi baiskeli: alitoa krenki (vyuma vinavyoshika pedali) za urefu wa milimita 170, akafunga za 155, kisha akapandisha kiti milimita 15 zilezile. Pedali ikifika juu sasa iko chini kwa milimita 15, na kiti kiko juu kwa 15, hivyo goti likapata nafasi ya milimita 30! Sasa naendesha kwa gia nyepesi, kwenye lami. Mpira wa miguu daktari alikataa, nami sikubishana. Goti likivimba jioni naweka barafu, kesho yake baiskeli inabaki ndani.