Huyo ni mwajiriwa

Simu ilikatwa saa tatu usiku na mpaka sasa bado namjibu mjomba moyoni. Tumehama Jumanne, dada kajifungua salama Alhamisi, mtoto wa kiume, na katika yote hayo kilichonikaa rohoni ni neno moja la mjomba, alilolitema kama kokwa.

Kosa langu. Baada ya shikamoo na habari za mtoto, nikamletea kisa cha embe nikijua atacheka. David Suchet, mwigizaji Mwingereza aliyekuwa Poirot, mpelelezi wa vitabu vya Agatha Christie, kwenye televisheni, alialikwa chakula cha mchana kasri la Buckingham. Akaletewa embe, akabaki analitazama tu, hajui aanzie wapi. Ikabidi amwulize Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth, naye akamwonyesha. Kisa kile kikaja kuingizwa katika kipindi kilichorushwa 1991: Poirot anawakatia wenyeji wake embe mezani, na akiulizwa kajifunzia wapi, anamtaja mtu mmoja mwenye cheo cha duke, bila jina.

Mjomba hakucheka.

"Kamwigiza huyo mtu miaka mingapi?"

"Ishirini na tano, mjomba. Tangu 1989 hadi 2013. Vipindi 70."

"Mtu yule yule mmoja?"

"Mmoja."

"Basi huyo si mwigizaji, mpwa wangu. Huyo ni mwajiriwa. Na embe mpaka afundishwe!"

Nikasema haya mjomba, usiku mwema.

La embe namwachia, mtu wa Tanga huwezi kushindana naye. Ingawa ile mbinu yenyewe ni nzuri: unalisimamisha embe, unapitisha kisu upana wa kidole kutoka katikati kwa sababu kokwa ni bapa, unafanya hivyo pande zote mbili, unachora miraba kwenye nyama bila kutoboa ganda, kisha unalibinua shavu kwa vidole gumba. Kwa dodo lililoiva kiasi vipande vinasimama vizuri. Jaribu kwa embe la nyuzi uone, linavutika kama katani na maji yote yanaishia kiwikoni.

Lakini mwajiriwa?

Mwajiriwa anaujua mshahara wa mwezi ujao. Suchet, kila msimu ukiisha, hakuwa na uhakika wa mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kazi ilisimama kabisa, ikarudi 2000, na katika pengo hilo alikuwa jukwaani akicheza Salieri, yule mtunzi wa muziki katika tamthilia ya Amadeus, London kwanza halafu New York. 2007 akawa Robert Maxwell, tajiri wa magazeti, akapata tuzo ya Emmy ya kimataifa mwaka uliofuata. Na kabla ya yote, 1985, alikuwa Inspekta Japp, polisi wa pembeni, katika filamu nyingine ambayo Poirot alikuwa Peter Ustinov. Suchet mwenyewe hana jema la kuisemea kazi yake ile. Haya ndiyo ningemwambia mjomba kama ulimi usingekuwa mzito.

Ningemwambia na mwendo. Vitabu vinasema Poirot hutembea kwa hatua fupi za haraka, na Suchet alikuwa hazipati. Akakumbuka maelezo ya mwigizaji Laurence Olivier: weka sarafu ya peni katikati ya makalio, uibane, utembee. Sarafu ikidondoka, ujue hatua imekuwa ndefu. Ukiibana mno, unatembea kama mtu anayetafuta choo. Akafanya mazoezi mpaka miguu ikazoea bila sarafu. Sauti nayo: yake ya asili ni nzito, inatoka kifuani. Akaipandisha ikae kichwani, maana Poirot ni mtu wa akili, na lafudhi akaitafuta kwa kusikiliza redio za Wabelgiji wanaosema Kifaransa. Tumbo ni mito iliyofichwa ndani ya suti.

Halafu ile orodha. Alivisoma vitabu na kuandika kwa mkono mambo 93 kuhusu mhusika wake: ni Mbelgiji, si Mfaransa, sukari vidonge vingapi kwenye chai na vingapi kwenye kahawa. Alikuwa akienda nayo kazini. Mwanzoni kabisa kulitokea mvutano. Poirot anataka kuketi kwenye benchi la nje, Suchet akatoa leso aitandaze kwanza. Mwongozaji akakataa, eti watu watamcheka. Suchet akashikilia kwamba asipotandika leso huyo si Poirot. Ikabidi mtayarishaji Brian Eastman aamue, na leso ikatandikwa. Hata binti yake Agatha Christie, Rosalind Hicks, alishamwonya kwamba watazamaji watabasamu pamoja na Poirot, wasimcheke.

Hapo kwenye leso ndipo hasira ilipoanza kunitoka, sijui kwa nini. Mjomba alikaa bandarini miaka 31, kazi yake kuhesabu shehena kwenye daftari, na shangazi husema mpaka leo akipewa kalamu ya mtu mwingine anaifuta kwanza kwa shati ndipo aandike. Nimeirudia tena ile sauti yake, "huyo ni mwajiriwa". Mara hii sikusikia dharau. Labda haikuwapo. Labda ilikuwapo kwenye embe tu.

Sikumwambia kwamba kipindi cha kifo cha Poirot hakikuwa cha mwisho kupigwa picha. Walikimaliza mapema, mito ya tumboni imeondolewa, Suchet kakonda na yuko kwenye kiti cha magurudumu, halafu wakaendelea na vingine ili kazi isifungwe kwa maiti. Siku ya mwisho, Juni 2013, walikuwa Greenway, nyumba ya Christie kule Devon, na Poirot yuko mzima, anatembea zile hatua zake. Hiyo mjomba angeipenda. Nitampigia Jumamosi, baada ya adhuhuri, akiwa keshakula.

Geji ya presha ya boila, ule mtambo wa kupasha maji moto, ya nyumba hii mpya imeshuka tena chini ya baa 1. Niliijaza asubuhi ikafika 1.5, na sioni tone la maji popote.