Ukiichukua ramani yangu, iache na majina yake

Barabara ya Mtwara kwenda Lindi si yangu. Nimeambiwa hivyo tena wiki hii, baada ya kulalamika kwamba ramani niliyoitengenezea Euro Truck Simulator 2, gemu la kuendesha malori, inauzwa na mtu mwingine, ikiwa na nembo yake na bila jina langu. "Barabara ni ya serikali, Mikindani ipo tangu enzi za mababu, wewe unadai nini hapo?" Swali hilo nina jibu lake.

Gemu hili linaifinya dunia. Ulaya yake imejengwa kwa kipimo cha 1:19, yaani kilometa 19 za kweli zinakuwa moja, nami nikafuata kipimo hichohicho ili muda wa safari ulingane na sehemu nyingine. Mtwara hadi Lindi ni zaidi ya kilometa 100. Ukizifinya hivyo zinabaki kama sita. Ndani ya kilometa sita huwezi kuweka kila kijiji, kila mteremko na kila kituo cha mabasi. Niliacha hata vijiji vyenye ndugu zangu ili nipate nafasi ya Mikindani, pale barabara inapoizunguka ghuba na Boma la Wajerumani la mwaka 1895 limekaa juu kilimani. Mingoyo nikaipa eneo kubwa kuliko lilivyo kweli, kwa sababu dereva anayeshusha korosho kutoka Masasi anatokea pale, na safari ya kusini bila njia panda ile haijakamilika. Barabara ni ya serikali, sawa. Kuamua kipi kibaki na kipi kiondoke ni kazi yangu, na nimeifanya usiku kwa usiku.

Tena kazi hiyo ina alama zake. Karibu na Mingoyo kuna mahali vipande viwili vya ardhi viligoma kukutana, pakabaki ufa pembeni mwa lami. Nikapanda mkorosho mmoja mkubwa, nikauinamisha kidogo kuelekea barabarani, ufa ukazibika. Ukienda pale leo kwa bodaboda mti huo huukuti. Kwenye ramani inayouzwa upo, na umeinama vilevile.

Sisemi watu wasiiguse. Ramani za gemu zimekua kwa kuguswa. DotA, mchezo wa mapambano ya timu mbili, ilianza mwaka 2003 kama ramani ya gemu la Warcraft III iliyotengenezwa na mtu aliyejiita Eul, naye alichota wazo kwenye ramani ya gemu jingine, StarCraft, iitwayo Aeon of Strife. Baadaye toleo lililovuma likaendelezwa na Steve Feak, kisha na mwingine aliyejiita IceFrog. Kila mmoja aliongeza chake, na leo tunaweza kuwataja kwa mfuatano kwa sababu majina yao hayakufutwa.

Hata yangu imesimama juu ya jasho la wenzangu. Mkondo wa barabara niliufuata kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, ambayo leseni yake inakuruhusu kuitumia hata kibiashara, mradi uwataje wachangiaji wake. Wamo watu wa hukuhuku kusini waliochora mitaa ya Ligula na Shangani bila kulipwa senti. Minazi na vibanda vya barabarani ni vya watengenezaji wengine, niliowaomba nao wakakubali. Anayefuta maandishi yangu yenye majina haya anawafuta na wao.

Kwetu mafaili yanatembea kwa flashi na kwa simu. Ukiwataja watu kwenye ukurasa wa kupakulia tu, majina yanabaki hukohuko. Ndiyo maana nayaweka ndani ya modi yenyewe, yaani kifurushi cha ramani kinachoongezwa kwenye gemu: kwenye faili la manifest.sii kuna mstari wa mtengenezaji, na mod_description.txt inabeba orodha nzima, ambayo mchezaji anaisoma kabla hajaiwasha.

Kunitaja tu, lakini, hakutoshi. Ramani mbili zikibadilisha sekta moja, yaani kipande kimoja cha ardhi ya gemu, gemu linafuata ile iliyopewa kipaumbele, na kazi ya mwingine inapotea pale. Kijana mmoja wa Masasi alilijua hilo, akaniandikia: "Shikamoo kaka. Naomba niiendeleze kutoka Mingoyo hadi kwetu. Jina lako litatangulia, langu lifuate." Nikamjibu, "Marahaba mdogo wangu, chukua," nikamtumia mafaili ya kazi pamoja na sekta nilizokwisha kuzigusa. Ameweka miteremko ambayo mimi nisingeikumbuka, na toleo lake ni zuri kuliko langu.

Toleo jipya nimelifungasha na masharti haya ndani: cheza, gawa, rekebisha, usiuze, usifute jina, ongeza lako chini. Anayetaka kwenda kaskazini hadi Daraja la Mkapa, pale Rufiji, aniandikie kabla hajaanza. Kuanzia Lindi mjini kwenda juu sijagusa sekta hata moja, na mafaili nitampa.