Mwizi Aliyekataa Kuvuka Daraja

Katika mchezo wetu wa hadithi wa mezani, wenzake wanne wa mwizi Kivuli walikuwa darajani wakipambana na maiti zilizofufuka. Mama Tabu, kasisi wa kundi, kabakiwa na pointi tatu za uhai. Zamu ya Kivuli ilipofika nikamuuliza mchezaji wake, "Wewe uko wapi?"

"Nyumba ya wageni. Napekua mizigo ya hawa walioko darajani."

Hakuna aliyecheka. Mmoja akaweka dadu zake chini, akatoa simu. Ilikuwa Jumamosi ya tatu mfululizo Kivuli anafanya hivyo, na kila akiulizwa jibu lake lilikuwa lile lile: "Sasa nifanyeje, ndivyo alivyo huyu mtu wangu."

Kwa asiyeujua mchezo huu: Dungeons & Dragons ulitoka Marekani mwaka 1974, na unachezwa mezani kwa maneno, karatasi na dadu. Kila mchezaji ana mhusika wake. Mwendeshaji, ambaye kwetu ni mimi, anasimulia ulimwengu na kuwachezea wengine wote waliomo, kuanzia joka hadi muuza maji. Ukitaka kufanya jambo lisilo na uhakika unarusha dadu ya pande 20, unaongeza uwezo wa mhusika wako, tunaangalia. Hapatikani mshindi. Kuna hadithi tu, na mtu mmoja akigoma kuingia ndani yake, mnaokwama ni nyote.

Tunacheza barazani kwa shangazi yangu, Tabata. Watu sita, seti mbili za dadu, na kanuni za msingi ambazo zinapatikana bure mtandaoni, tukazichapisha steshenari hadi karani akauliza tunafanya mtihani gani. Majina tumejitungia. "Elves", viumbe wa hadithi wanaofanana na watu, tunawaita waelfi kwa sababu "elfu" ilileta vurugu tulipoanza kuhesabu sarafu. Na "mchawi" tuliliacha siku shangazi alipopita na sahani ya maandazi akamsikia kijana wa watu anasema kwa sauti, "Mimi mchawi, leo nalala mapema ili kesho nipate nguvu." Tangu hapo anaitwa msomi.

Turudi kwa Kivuli. Nilianza vibaya. Nikajiambia nitamfunza ndani ya mchezo: ukiiba, utakamatwa. Nikaleta askari wa mji, wakamkamata, wakamtupa jela. Kumbe nimempa alichokitaka. Kikao kizima cha saa mbili kikawa ni yeye anachimba ukuta, anahonga mlinzi, anapanda paa, na wenzake wameketi wanamtazama kama watu waliokosa daladala. Wiki iliyofuata nikamtegea shimo. Akaangukia shimoni, akagundua njia ya siri, na nikajikuta namsimulia njia hiyo nusu saa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kila adhabu niliyompa mhusika nilikuwa nailipia kwa muda wa meza, na muda ule ulikuwa wa watu wengine.

Mama Tabu, yaani dada anayemchezesha, ndiye aliyenifungua macho. Tukikunja mkeka aliniambia, "Kaka, unapigana na karatasi. Ongea na mtu."

Nikamtafuta jamaa katikati ya wiki. Tukakaa kwenye banda la chipsi, nikaagiza chipsi mayai mbili, na sikuutaja mchezo mpaka tumefika katikati ya sahani. Nilijizuia kumuuliza kwa nini anatuharibia. Nikamuuliza ni wakati gani pale barazani anafurahia zaidi. Akafikiri. Akasema ni akiwa peke yake, maana hapo anajua la kusema. Sisi wengine tumesoma pamoja sekondari, tunakatizana maneno, tuna vichekesho vyetu vya miaka kumi iliyopita. Yeye aliletwa na binamu yake, na binamu mwenyewe akahamia Mwanza baada ya mwezi. Kivuli hakuwa mkorofi. Alikuwa na kofia kubwa ya kujifichia, na aliyekuwa chini ya kofia ni jamaa mgeni aliyeogopa kuongea.

Niseme ukweli, niliona aibu. Miezi miwili nimekuwa nikimwona kama tatizo la nidhamu.

Tulikubaliana mambo mawili. La kwanza lilikuwa la kanuni, na nilishangaa kwamba hakulijua. Mwizi katika toleo la tano, lile la 2014, silaha yake kubwa ni pigo la kuvizia. Akiwa ngazi ya tatu linamwongezea dadu mbili za pande sita kwenye madhara. Ila halipatikani hivi hivi: ama awe amepata hali ya kurusha dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua iliyo kubwa, ama awepo mtu mwingine anayepambana na adui huyo, ndani ya futi 5 kutoka kwa adui mwenyewe. Kwa maneno mengine, kanuni zenyewe zinamtaka mwizi awe na mwenzake jirani. Alikuwa amekaa nyumba ya wageni miezi miwili huku nguvu zake zote ziko darajani.

La pili lilikuwa swali. Nikamwambia, "Sikutaki ubadilishe tabia ya Kivuli. Abaki msiri, abaki mchoyo. Niambie tu, katika hawa wanne, nani anamdai?" Jumapili akanitumia ujumbe mrefu: Mama Tabu aliwahi kumzika mama yake Kivuli bila kudai ada, na Kivuli hajawahi kumwambia mtu. Nikampelekea Mama Tabu. Akajibu kwa neno moja, "Namchukua."

Hakugeuka malaika. Kikao kilichofuata alilalamika njia nzima, ila alivuka daraja, na alipompiga nahodha wa maiti kutoka nyuma ya Mama Tabu, dadu zake mbili zikatoa sita na tano. Aliruka mpaka kiti kikaanguka.

Mhusika mwingine wa shida, paladini (shujaa wa dini aliyekula kiapo), alikuwa kazi ndogo, na kosa lilikuwa langu. Nilitunga hadithi ya wakwepa ushuru wa chumvi katika mji wa bandari, nikasahau kuwaambia wachezaji. Mmoja akaja na shujaa wa dini asiyesema uongo, na kila tukipita getini yeye anamweleza mlinzi kilichomo kwenye magunia. Kanuni za mwishoni mwa miaka ya 1970 zilimkataza paladini hata kuambatana na waovu. Za sasa zimelegea, mchezaji anachagua kiapo, na kuna kiapo cha kisasi kinachotazama zaidi adui mkubwa kuliko makosa madogo. Tukabadilisha kiapo. Adui mkubwa akawa mtoza ushuru mwenyewe. Yakaisha. Siku hizi hatuanzi hadithi mpya bila kikao kimoja kisicho na dadu, ambapo nasema hadithi inahusu nini na kila mtu anamtengeneza mhusika wake mbele ya wengine. Karibu nusu ya wahusika wasiokaa vizuri wanafia hapo, kabla hawajapewa hata majina.

Profesa Mihogo sikumweza. Alikuwa mbilikimo muuza mihogo ya kukaanga, mwenye wimbo wa biashara, katika hadithi ya kijiji ambacho watoto wanapotea usiku. Mchezaji wake ni mtu mcheshi kweli kweli, na ndiyo taabu yenyewe, kwa sababu tulicheka. Tunafika kwenye kaburi lililo wazi, nimeshusha sauti, taa nimeipunguza, na yeye anaimba bei. Nilikaa naye, nikafanya kama nilivyofanya kwenye chipsi mayai. Akanijibu bila kinyongo kwamba akitoka kazini Jumamosi hataki habari za makaburi, anataka kucheka. Hakuwa na la kuficha kama Kivuli. Alitaka mchezo mwingine, na wengine wanne walitaka huu. Nilimuuliza kama anaweza kumshusha kidogo; akajaribu vikao viwili, na ikawa kama kumwona mtu amevaa viatu vya mwenzake. Akaaga. Sasa tunakutana kwenye bao tu, ambako anaimba atakavyo na bado ananifunga.

Mihogo mwenyewe nilimwomba, akakubali nibaki naye. Anauza pale lango la mji, na kundi likipita linanunua. Wiki iliyopita nilipandisha bei ya kipande kutoka sarafu mbili hadi tatu, Kivuli akajaribu kuiba kimoja, akarusha dadu ikatoa moja. Nikamtumia ujumbe mwenye Mihogo kumpa habari. Akajibu usiku ule ule, anauliza faida yake ataipata lini.