Kusikiliza Giaboksi na Kuhesabu Mizunguko ya Difu katika Land Rover za Zamani

Land Rover yangu ya Series III ilipoanza kutoa mluzi uliopanda kadiri mwendo ulivyoongezeka, niliamini mara moja kwamba giaboksi imekwisha, nami nikaishusha na kuifungua yote kabla ya kufanya jaribio hata moja. Beringi zake zilikuwa nzima. Siku tatu za kazi zilipotea kwa jambo ambalo ningeligundua kwa nusu saa ya kusikiliza.

Anza gari likiwa limesimama, injini inanguruma na gia iko huru. Kelele ikisikika na kutoweka unapokanyaga klachi, shuku beringi ya shafti inayopokea mzunguko kutoka kwenye injini, au zile za shafti ya chini (inayozungushwa na ile ya kwanza), kwa kuwa shafti hizo husimama klachi inapoachanisha. Ikijitokeza pale tu unapokanyaga, tatizo liko kwenye beringi ya klachi yenyewe.

Barabarani, kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni gia ya 4. Katika giaboksi hizi, gia hiyo huunganisha shafti ya kuingia na ya kutoka moja kwa moja, huku shafti ya chini ikizunguka bila kubeba mzigo. Kwa hiyo kelele iliyopo katika gia ya 1, 2 na 3, ikapungua sana katika ya 4, karibu kila mara hutoka kwenye shafti ya chini au beringi zake. Kelele inayofuata mwendo wa gari na kubaki hata gari linaposerereka gia ikiwa huru, itafute nyuma ya giaboksi: transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma), propela (shafti ndefu inayopeleka mzunguko kwenye ekseli), difu (gia zilizo ndani ya ekseli zinazogawa mzunguko kwa magurudumu mawili) au beringi za magurudumu. Yangu ilibadilika sauti kila nilipoachia mafuta, na hiyo ni tabia ya krauni na pinioni, yaani gia kubwa na ndogo za difu, zilizolika.

Nilinunua difu iliyokwisha kutumika, nikiambiwa kwamba ni ileile. Kwa nje ilifanana kabisa, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu difu za Series III zina uwiano wa 4.7, yaani meno 47 ya krauni kwa 10 ya pinioni, ilhali zile za Range Rover za zamani, zinazoingia vizuri katika ekseli hiyohiyo, zina 3.54.

Ikiwa difu imekwisha kufungwa, inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki na uzuie mengine kwa vigingi imara. Usitegemee breki ya mkono, kwani katika magari haya hukamata propela ya nyuma, ambayo ndiyo unayotaka izunguke huru. Iachie, na uweke transfa katika nafasi huru. Tia alama ya chaki kwenye propela, kisha zungusha gurudumu mara 20. Kwa kuwa gurudumu la pili limesimama, difu hupunguza mzunguko kwa nusu, hivyo propela itazunguka mara 47 kwa uwiano wa 4.7, na zaidi kidogo ya 35 kwa 3.54.

Yangu ilizunguka mara 35. Ningeiacha hivyo, mshale wa mwendo ungeonyesha 60 gari likienda karibu 80, na siku ningeunganisha magurudumu yote manne, ekseli ya mbele yenye 4.7 na hii ya nyuma zingevutana hadi kitu kivunjike. Niliifungua jioni ileile na kuirudisha kwa muuzaji.