Uko na grini kadi miaka yote hii, uraia unangoja nini?

Wakenya wa huku Minnesota, Marekani, tukikutana, iwe harambee iwe matanga, nyama ikishaisha tu stori inageuka kuwa ya makaratasi. Na kila mara hakosi mtu ambaye amekuwa na grini kadi tangu enzi za Obama, analipa ushuru, amesomesha watoto, nyumba amenunua, lakini N-400, ile fomu ya kuomba uraia, hajawahi hata kuifungua. Ukimuuliza anakwambia "ah, grini kadi inatosha." Na hayuko peke yake, serikali yenyewe inakadiria watu kama milioni 9 nchi hii wanaweza kuomba uraia leo na hawajaomba.

Sawa, inatosha. Inatosha mpaka mama aanze kusumbuliwa na presha huko nyumbani na utake aje akae na wewe. Hapo ndio mtu anagundua grini kadi inakuruhusu kufailia (yaani kumwombea mtu aje kuishi huku) mke ama mume na watoto ambao hawajaoa wala kuolewa, basi, imeishia hapo, mzazi hapana na ndugu hapana. Ukiwa raia na umefika miaka 21 unafailia mama na baba na wao hawaingizwi kwa ile foleni ya viza zenye kipimo cha kila mwaka. Ndugu pia unaweza, ingawa hiyo foleni inapita miaka 10 kwa hivyo kama ndio mpango wako ungeanza jana. Mimi kwangu hii peke yake ilitosha, hizo zingine ni nyongeza, manake nimeona watu wazima wakilia kwa simu sababu mama amenyimwa viza ya kutembea tena na hakuna njia nyingine ya kumleta.

Haya twende kwa pesa, manake najua ndio kisingizio kikubwa. Kadi inaisha kila miaka 10 na kuirinyu ni dola 465 kwa karatasi au 415 mtandaoni. N-400 ni 760 kwa karatasi, 710 mtandaoni, na unalipa mara moja tu, uraia haurinyuiwi. Sasa sikia hii: kama mapato ya nyumba yako hayazidi asilimia 400 ya kiwango cha umaskini cha serikali, unaomba kulipa 380. Na wengi wetu tunaofanya kazi nasing homu wenye watoto watatu wanne tuko humo ndani kabisa, hata na zile ovataimu. Yaani kurinyu kadi inaweza kukutoa pesa nyingi kuliko kuwa raia! Mapato yakiwa chini zaidi, asilimia 150 kushuka, kuna fomu I-912 ya kuomba usilipe chochote. Ada hubadilika, kwa hivyo siku unayojaza angalia tovuti ya USCIS yenyewe, ile idara ya uhamiaji ya serikali, sio ile ya kwanza inayotokea ukigugo, hizo zingine zinakuuzia fomu ambayo ni ya bure.

Kizungu. Hii ndio inaogopesha wazee, na hasa ndugu zetu Wakongomani waliokuja kupitia makambi, mtu amekaa kambi ya Nyarugusu kule Tanzania miaka mingi halafu unamwambia kuna mtihani, anakata tamaa hapo hapo. Lakini sheria imewafikiria. Ukiwa na miaka 50 na umeishi hapa na grini kadi miaka 20, au miaka 55 na kadi miaka 15, unafanya yale maswali ya historia na serikali kwa lugha yako, Kiswahili sawa kabisa, unakuja na mkalimani wako. Ukifika 65 na kadi miaka 20 unasoma maswali 20 tu. Na mzee ambaye ugonjwa umemharibu kumbukumbu, daktari anaweza kumjazia fomu ya N-648 asifanye mtihani. Halafu kitu kingine wakimbizi wengi hawaambiwi, ile miaka mitano ya kuwa na grini kadi kabla ya kupata uraia kwao huhesabiwa kuanzia siku waliyoingia Marekani, sio siku kadi ilipofika kwa posta.

Kwa sisi wengine mtihani sio jini. Waliotuma ombi kuanzia 20 Oktoba 2025 wana maswali 128 ya kusoma, ofisa anakuuliza mpaka 20 na ukipata 12 umepita. Ni vitu kama maseneta ni wangapi, George Washington anajulikana kwa nini, kwa nini bendera ina mistari 13. Unasoma ukiwa breki, unasikiliza kwa gari ukienda shifti ya usiku. Kusoma unasoma sentensi moja, kuandika unaandika moja, na unapewa nafasi tatu kwa kila upande. Kinachoangusha watu kwa intavyu mara nyingi ni maswali ya fomu yenyewe, ofisa anauliza kama umewahi kukamatwa, kama umewahi kudai wewe ni raia, mtu anaitikia tu yes yes bila kuelewa ameulizwa nini. Soma N-400 yako mpaka uielewe kila neno.

Kuna wale hoja yao ni nyumbani, ati nitapoteza ukenya. Katiba ya 2010 ilimaliza hiyo, Mkenya wa kuzaliwa akichukua uraia mwingine habaki bila wa kwake, ila sheria ya 2011 inataka utangaze ndani ya miezi mitatu, na hiyo watu wanasahau sana. Shamba la baba liko salama. Kama unapanga kugombea ubunge hiyo ni hesabu nyingine hahaha. Wabongo nawaelewa zaidi, Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima na Congo katiba inasema uraia wao hauchanganywi na mwingine, kwa hivyo kwao hii ni kuchagua kweli kweli na siwezi kumchagulia mtu. Lakini chagua ukijua, usiachie tu miaka ipite.

Sasa wa kutulia kwanza. Kama ulishawahi kukamatwa, hata kesi ikafutwa, au ulikaa nyumbani zaidi ya miezi sita mfululizo ukijenga, au uliwahi kujiandikisha kupiga kura (kuna watu walitiki tu kile kisanduku wakichukua leseni ya gari), muone loya wa uhamiaji kabla hujatuma chochote. Loya, sio yule jamaa wa kanisani anayejaza fomu kwa dola 300. Na Juni 2025 serikali iliwekea nchi kadhaa vikwazo vya kuingia Marekani, Burundi na Somalia zikiwemo, na orodha imeongezeka tangu hapo, kwa hivyo kama umezaliwa nchi iliyo humo, na nyinyi pia loya kwanza.

Wengine wote unaweza kutuma siku 90 kabla miaka mitano haijatimia, au mitatu kama umeolewa ama umeoa raia na mnaishi pamoja. Siku ya kiapo grini kadi wanaichukua hapo hapo na wanakupa cheti, kwa hivyo usikate tiketi ya Nairobi ya wiki hiyo, piga kopi ya cheti kisha omba pasipoti kwanza. Watoto walio chini ya miaka 18, wenye grini kadi na wanaoishi na wewe, wanakuwa raia siku hiyo hiyo bila kufanya mtihani wowote, waombee pasipoti zao pamoja na yako.