Jumamosi Moja na Datsun 240Z la Mwaka 1971

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapasha bati la banda, huwa nimekwisha kufungua boneti. Ninaanza mapema kwa sababu tapeti, yaani nafasi ya valvu, hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, na hapa Nkuhungu, Dodoma, ubaridi wa namna hiyo haudumu. Gari lenyewe ni Datsun 240Z la mwaka 1971, la usukani wa kulia, lenye injini ya L24 ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Siku za wiki mimi ni mtumishi wa serikali na kazi yangu ni ya mezani. Jumamosi ni ya gari hili, kuanzia alfajiri hadi giza linapoingia.

Kifuniko cha valvu kikishatoka, ninazungusha injini kwa spana iliyoshika boliti ya puli ya mbele, taratibu, mpaka mdomo wa kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, wa valvu ninayotaka kuipima uelekee juu, ndipo ninapopitisha fila geji, kibati chembamba cha kupimia nafasi. Kwa injini hii ikiwa baridi, valvu za kuingiza hewa hutakiwa kuwa na nafasi ya milimita 0.20 na za kutoa moshi milimita 0.25. Geji ipite kwa kukwaruza kidogo, isilegee wala isisukumwe kwa nguvu. Leo valvu ya moshi ya silinda ya tano ilikuwa imebana, nikalegeza nati yake, nikazungusha skrubu kidogo sana, nikakaza, kisha nikapima upya, kwa maana kule kukaza nati kwenyewe huweza kuharibu kipimo. Jambo hili silichukulii kwa wepesi: valvu ya moshi isipokaa vizuri kwenye kiti chake hukosa mahali pa kupunguzia joto, na hatimaye huungua.

Chai niliinywa nikiwa nimesimama mlangoni pa banda.

Saa mbili alifika mpwa wangu, ambaye anajifunza ufundi wa magari na amekuwa msaidizi wangu wa kutumainiwa. Aliniamkia, akavaa ovaroli, tukaenda moja kwa moja kwenye mlango wa kushoto. Gari hili lilitoka kiwandani likiwa na rangi ya dhahabu ambayo Nissan iliiita Safari Gold, namba 920 katika orodha yake, na sehemu kubwa ya rangi hiyo bado ipo: imefifia juu ya paa, imechakaa kwenye kingo za boneti, lakini ni ile ile iliyopulizwa Japani. Mlango wa kushoto peke yake ulipakwa baadaye, wakati gari lingali Tanga, kwa rangi iliyokaribiana nayo bila kufanana nayo. Kazi yetu ni kuiondoa rangi hiyo ya pili na kuiacha ya kwanza, na hakuna mashine ya kufanya hivyo kwa usalama. Tunatumia msasa wa maji namba 1500, kisha 2000, uliozungushiwa kipande kidogo cha raba, ndoo ya maji safi pembeni, na mkono usio na haraka. Kila baada ya misuguo michache tunafuta na kutazama. Maji yanayochuruzika huwa na weupe kidogo. Weupe huo ukianza kugeuka na kuelekea manjano, ni ishara kwamba tumefika, na hapo hapo tunasimama.

Asubuhi hii tulifunua sehemu ya ukubwa wa kiganja, karibu na kitasa. Chini yake ulionekana mkwaruzo mrefu ulioingia hadi kwenye bati, bila shaka ndiyo sababu ya mlango kupakwa upya. Mpwa wangu aliuliza, "Mjomba, kwa nini tusipige rangi gari zima likang'aa, mambo yakaisha?" Ni swali la haki, na nilimjibu kwa kirefu. Rangi ya kiwandani ni ushahidi. Unene wake, mahali ilipopulizwa hafifu ndani ya milango, matone madogo yaliyogandia chini ya boneti, vyote hivyo vinaonyesha jinsi watu wa kiwanda kile walivyofanya kazi zaidi ya nusu karne iliyopita, na hakuna fundi wa leo, hata awe hodari namna gani, awezaye kuurudisha ushahidi huo ukishakwanguliwa. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoundwa mwaka 1966, lina mkataba uitwao Mkataba wa Turin, ambao unatenganisha kuhifadhi kilichopo na kukarabati kilichoharibika, na unataka mtu aingilie kwa kiasi kidogo kadiri iwezekanavyo. Mimi naukubali kwa moyo wangu wote. Mkwaruzo tutauziba kwa rangi kidogo ya brashi ili kutu isiingie, lakini hatutauficha.

Hapo ndipo ninapoishukuru Dodoma. Tanga ni mji ninaoupenda, ila hewa yake ya bahari hubeba chumvi, na chumvi na bati la Datsun la miaka ile haviwezi kukaa nyumba moja. Huku mvua hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, na miezi mingine yote ni mikavu, hivyo kutu iliyokuwa ikitembea imesimama. Mji huu nao una madhara yake: jua hukausha raba na kupasua dashibodi, ambayo kwenye 240Z hupasuka kwa urahisi hata katika nchi zisizo na jua kali kama letu, na upepo wa kiangazi huleta vumbi jekundu linalopenya kila tundu. Kwa hiyo vioo vimewekewa mapazia ya kitambaa kizito, na kila nikifungua injini naifunika kwa shuka safi hata kama ninakwenda kunawa tu.

Saa nne tulikwenda Kizota kumchukua mzee mmoja, fundi wa bodi, ambaye alikuwa amenikunjia kipande cha bati kwa ajili ya sakafu ya upande wa dereva. Magari haya hula kutu mahali panapojulikana: chini ya betri, sakafuni, na kwenye matao ya magurudumu ya nyuma. La kwangu liliponea chini ya betri, lakini sakafu ilikuwa imetoboka pale kisigino cha dereva kinapokaa. Niliipima sehemu nzima iliyobaki, nikapata milimita 0.8, nami nikamwomba fundi atumie bati la unene huo huo. Alinionyesha kipande chake kwa fahari, na kweli ile mifereji midogo ya kukazia bati ilikuwa imekaa sawasawa na ya zamani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Lakini nakuambia tena, ningekutolea sakafu yote nikakuwekea mpya, ungelala usingizi."

"Naelewa, mzee wangu. Ila hii iliyobaki bado ni nzima, ndiyo maana naitaka ibaki."

Alitikisa kichwa kwa upole, akapakia mashine yake. Nyumbani tulitenganisha betri, tukatoa kiti na zulia, tukaweka kizima moto karibu na mlango, na mpwa wangu akakaa nje akiangalia cheche chini ya gari. Ustadi wa fundi huyu uko katika subira. Hachomelei mstari mrefu kwa mkupuo. Hushika pointi moja hapa, nyingine upande wa pili, akasubiri bati lipoe, kisha akarudi katikati, kwa kuwa bati jembamba likipata joto nyingi mahali pamoja hujikunja na halinyooki tena. Kazi ya eneo dogo kuliko gazeti lililokunjwa ilichukua muda hadi saa saba. Kipande kibovu tulichokikata sikukitupa. Nimekifunga kwenye mfuko, nikaandika kilipotoka, na kitakaa sandukuni pamoja na vingine, ili atakayelimiliki gari hili baada yangu ajue nini ni cha asili na nini kimeongezwa.

Tulikula ugali wa uwele na mlenda, fundi akaondoka.

Saa nane mchana ilikuwa zamu ya kabureta, na hii ndiyo sehemu ya siku ninayoipenda kuliko zote. 240Z ina kabureta mbili za Hitachi zilizotengenezwa kwa mtindo wa SU wa Uingereza, kila moja ikihudumia silinda tatu. Ndani ya kila kabureta mna pistoni inayopanda na kushuka kwa mvuto wa hewa, ikivuta juu sindano iliyochongoka, na jinsi sindano inavyopanda ndivyo tundu la petroli linavyozidi kuwa wazi. Kila kitu kinategemea pistoni hiyo kutembea bila kukwama, kwa hiyo kwanza niliinyanyua kwa kidole na kuiachia. Ilishuka polepole, ikatua kwa mlio mdogo wa chuma, jinsi inavyotakiwa. Nikaongeza oili nyepesi kwenye kinara cha juu ambako ilikuwa imepungua.

Plagi zilikuwa zimenieleza shida mapema: nyeusi, zenye masizi makavu. Maelezo yake yako katika jiografia. Kabureta zilirekebishwa mara ya mwisho Tanga, usawa wa bahari, na Dodoma iko takriban mita 1,100 juu. Hewa ya huku ni nyepesi zaidi, lakini kabureta hutoa petroli karibu kiasi kile kile, hivyo mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi kuliko hewa. Injini ilipopata moto vizuri nilitoa kifuniko cha chujio la hewa, nikachukua mpira mwembamba, ncha moja sikioni na nyingine mdomoni mwa kabureta ya mbele, kisha ya nyuma. Zinapovuta sawa, mvumo huwa mmoja. Ya nyuma ilivuma kwa nguvu zaidi. Nikazungusha skrubu ya ulinganifu kidogo kidogo, nikirudi kusikiliza mbele, nikirudi nyuma, hadi sikio likashindwa kuzitofautisha.

Baadaye nikapandisha nati za mchanganyiko zilizo chini ya kabureta, nusu mzunguko kila moja, na kujaribu kwa njia ya zamani: unanyanyua pistoni kama milimita moja na kusikiliza. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, petroli bado ni nyingi. Injini ikitaka kuzima, ni kidogo mno. Ukipanda kidogo kisha ukatulia, umefika. Kabureta ya mbele ilikubali upesi. Ya nyuma ilinichosha, ikinitaka robo mzunguko mwingine, kisha nusu ya robo, lakini hatimaye sailensa iliacha kukohoa na injini ikatulia kwenye mizunguko 750 hivi kwa dakika bila kumisi.

Saa kumi na nusu tulitoka kwa majaribio, tukielekea Msalato kwa barabara ya Kondoa, ambayo ni sehemu ya ile Barabara Kuu ya Kaskazini iliyochorwa kuunganisha kusini na kaskazini mwa Afrika. Kwenye kituo cha mafuta kijana mmoja alinishauri niweke injini ya Toyota, mwingine akasema nilipake jekundu na boneti nyeusi ili lifanane na magari ya Safari. Ninaelewa hamu yao. Magari ya aina hii yalishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1971 yakiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na tena mwaka 1973 yakiwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews, pale Mehta alipolingana kwa pointi na Harry Källström aliyekuwa pia na Datsun, mshindi akapatikana kwa kanuni ya kuvunja sare. Ni historia ya kwetu, kwa maana mashindano hayo tangu yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Lakini gari langu halikushindana. Liliuzwa kwa mtu wa kawaida, likamtumikia, na kulivika sare ya washindi kungekuwa kuliandikia wasifu wa uongo. Namba ya fremu inayoanza na HS30 na namba iliyopigwa kwenye bloku ya injini ndizo zinazolisemea, na zote mbili zinalingana na kibati chake cha utambulisho.

Barabarani lilikwenda vizuri. Gia ya tatu ilivuta bila kusita, na plagi nilizozitoa tuliporudi zilikuwa zimeanza kugeuka kahawia hafifu. Jambo moja halikunipendeza: tulipoteremsha vioo, harufu ya moshi iliingia ndani. Ni tabia inayojulikana ya gari hili, kwani umbo lake la nyuma hutengeneza mvuto unaorudisha moshi wa ekzosi kupitia raba ya mlango wa nyuma iliyokauka. Nyumbani tulibana kipande cha karatasi kati ya raba na mlango, tukakivuta mahali mbalimbali. Chini kulia kilichomoka bila kupingwa kabisa.

Saa moja usiku niliandika yote haya kwenye daftari la gari: kipimo cha kila valvu, mizunguko ya nati, picha ya sakafu kabla na baada, eneo la mlango tulilolifunua. Raba ya mlango wa nyuma nitaiagiza wiki hii, yenye umbo sahihi la mwaka 1971, na ya zamani itaingia sandukuni na kibandiko chake. Mpaka itakapofika, gari litaendeshwa vioo vikiwa vimefungwa na matundu ya hewa ya mbele yakiwa wazi, na Jumamosi ijayo tutaendelea na mlango wa kushoto kuanzia chini ya kitasa.